Barua kwa mwanangu anayekwenda kupanda baiskeli kwenye reli ya zamani

Lubumbashi, Agosti

Mwanangu mpenzi,

Mama yako amenisomea ujumbe wako, nami nikamwomba arudie pale ulipotaja Alcañiz na Tortosa. Kumbe wewe na wenzako wa chuo mnataka kutoka Liège, huko Ubelgiji, mwezi wa Septemba mwende Hispania, mpande baiskeli kwenye njia ya changarawe ambayo magari hayaruhusiwi, kuanzia nyanda za Aragón, katikati ya mizabibu, mpaka mto Ebro. Mama yako ana wasiwasi. Anawaza malori, maana kwake baiskeli na lori ni habari moja. Nimemwambia huko lori halipiti, na hata sababu ninaijua: njia hiyo ilikuwa reli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari zake kila jioni. Inaitwa Val de Zafán. Kipande cha kwanza, La Puebla de Híjar hadi Alcañiz, kilifunguliwa mwaka 1895. Kisha kazi ikasuasua miaka na miaka, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaikuta bado haijakwisha, na wafungwa wa vita wakatumiwa kuisukuma mbele. Treni ilifika Tortosa miaka ya 1940 tu, na mwaka 1973 handaki moja likabomoka, wakaifunga. Fikiria watu wamechimba milima nusu karne, na treni ikapita miaka thelathini hivi. Unapopita humo, mwanangu, wakumbuke wale waliobeba mawe. Sisi tunajua reli hujengwaje. Ile ya Matadi hadi Kinshasa, kati ya 1890 na 1898, iliua vibarua wengi sana, na majina yao wengi hayakuandikwa popote.

Nchi ile ina njia nyingi za namna hiyo. Tangu mwaka 1993 wamekuwa wakizikusanya reli zilizokufa na kuzifanya njia za watu wa miguu na wa baiskeli, na sasa zimepita kilomita 3,000. Nakiri moyo wangu uligawanyika niliposoma hayo. Mtu wa reli hafurahii kuona vyuma vimeng'olewa. Lakini kuliko handaki liachiwe popo na vichaka, heri wapite watoto kama wewe.

Sasa nikueleze kitu ambacho wenzako hawatakuambia. Mtafurahia njia hiyo kwa sababu kichwa cha treni ya mvuke kilikuwa kizito na magurudumu yake ya chuma huteleza juu ya chuma. Hakiwezi mlima. Kwa hiyo wahandisi waliipa reli mwinuko mdogo mno, kwa kawaida mita 1 au 2 tu kwa kila mita 100. Barabara ya magari ikikuta kilima hupanda. Reli hukitoboa, au hukizunguka, na bonde hulivuka kwa daraja. Ndiyo maana mtu asiye na mazoezi makubwa anaweza kuvuka milima ya Els Ports akiwa bado anaongea na mwenzake. Toka Alcañiz mtapanda taratibu, na mkishaingia Catalonia upande wa Arnes, safari karibu yote ni kuteremka kuelekea Ebro. Anzeni huko huko Aragón, msigeuze.

Mahandaki ni mengi. Lile la Valdealgorfa lina zaidi ya kilomita 2 na limenyooka kama uzi, kiasi kwamba siku za usiku na mchana kulingana, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, jua hupenya ndani yake. Mkifika tarehe 22 au 23 Septemba mtakuwa na bahati hiyo. Usitegemee taa za humo. Chukua taa yako, uwe umeiwasha kabla ya kuingia, vua miwani ya jua, na punguza mwendo, kwa sababu macho huchelewa kuzoea giza na ndani unaweza kumkuta mzee anatembea na mbwa wake. Kengele ya baiskeli ina kazi humo.

Lakini ninalotaka hasa uliangalie, wewe unayesomea ujenzi wa barabara, ni maji. Nilipokuwa kwenye kikosi cha kutunza njia ya reli, mzee aliyenifundisha hakuanza na vyuma wala mataruma. Alinipeleka mtaroni. Chini ya mataruma kuna kokoto, na watu hudhani kokoto ni za kushikilia tu. Kazi yake nyingine ni kuyaacha maji yapite yashuke upesi. Pembeni kuna mitaro, na kila mahali kijito kinapokatiza kuna kalvati, yaani tundu la kupitishia maji, chini ya tuta. Vikiziba hivyo, udongo hulainika, tuta huzama, na njia hupinda hata kama chuma ni kipya. Njia yenu huko imebaki imara miaka hamsini baada ya treni ya mwisho kwa sababu waliojenga waliyaheshimu maji. Simama mahali fulani penye tuta refu. Teremka ukatazame kalvati: limejengwa kwa jiwe au kwa saruji, mdomo wake una upana gani, je limesafishwa? Halafu tazama uso wa njia ya sasa. Umeinuka kidogo katikati ili mvua ikimbilie pembeni, au umeinamia upande mmoja? Changarawe ina mchanganyiko gani, punje kubwa na vumbi laini vikishikana, au ni mawe matupu yanayoviringika? Upande wa Aragón ni udongo na changarawe, na ukishaingia Catalonia utakutana na vipande vyenye lami. Linganisha. Nadhani utaona kwamba changarawe iliyoshindiliwa vizuri inamfaa mwenye baiskeli vilevile, na fundi wa kijijini anaweza kuitengeneza kwa koleo.

Kuhusu vijiji, uwe tayari kutoka kwenye njia. Stesheni za huko mara nyingi ziko mbali na kijiji chenyewe: watu wa zamani walijenga juu ya vilima kwa ajili ya ulinzi, na treni haikuweza kuwafuata. Horta de Sant Joan iko hivyo. Panda tu, hata kama miguu inalalamika. Picasso aliishi pale mwaka 1898 akiwa kijana, akarudi 1909, na ukiona nyumba zile za mawe zilivyobebana mlimani utaelewa michoro yake ya mwaka huo. Kabla ya hapo, Valderrobres kuna daraja la mawe, kanisa na ngome juu yake. Fontcalda kuna chemchemi ya maji ya uvuguvugu chini kabisa bondeni, mtaoga miguu.

Mizabibu mtaikuta wilaya ya Terra Alta, na Septemba ni wakati wa mavuno, kwa hiyo trekta zitakatiza njia zikiwa zimejaa zabibu. Wapisheni, wao wako kazini. Na msichume. Huko hupandwa sana zabibu nyeupe ya garnacha, ardhi kavu, upepo mkali wa cierzo unaotoka kaskazini-magharibi. Gandesa kuna ghala la mvinyo la chama cha ushirika, limejengwa kuanzia 1919 na msanifu Cèsar Martinell, lenye matao ya matofali kama ya kanisa. Wakulima wadogo waliweka nguvu pamoja wakajijengea jengo la namna hiyo! Nenda ulione, ingawa liko nje ya njia. Na karibu na hapo kuna Corbera d'Ebre, kijiji cha zamani kilichoachwa magofu yake kama vita vilivyokiacha, mwaka 1938, vile vya Ebro vilivyodumu tangu Julai hadi Novemba. Usipige picha za kucheka mahali pale. Wewe mtoto wa Kongo unajua.

Baiskeli mtakazokodi ziwe na tairi pana, milimita 40 au zaidi, wala usijaze upepo mpaka liwe gumu. Tairi laini kidogo hushika changarawe na kuokoa mgongo. Kwenye kona usibane breki ya mbele ghafla. Chukua tyubu moja, pampu, viraka, na maji ya kutosha, maana stesheni nyingi ni magofu na bomba utalitafuta.

Nikwambie kwa nini nimeandika marefu hivi. Unawakumbuka wabeba makaa kwa baiskeli wa barabara ya Likasi. Bado wapo, na wameongezeka. Wanatoka porini usiku, magunia yamefungwa nyuma na ubavuni mpaka mtu haonekani, baiskeli imechomelewa vyuma ili isikunjike, na kwenye kilima wanasukuma. Malori ya shaba yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanawapita kwa kuwasukumia pembeni, kwenye ukingo wa lami uliokatika. Tunawazika. Mji huu unapika chakula chake kwa jasho lao na hatujawapa hata mita moja ya njia yao wenyewe.

Sisemi tung'oe reli yetu. Ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea Sakania, na mimi nataka treni zirudi kwa wingi. Lakini pembeni mwa reli kuna ardhi ya njia, tambarare, isiyo na mwinuko mkali, ambayo wahandisi walishaipima tangu zamani. Ukanda wa mita 3 wa changarawe iliyoshindiliwa, wenye mtaro, uliotengwa na vyuma kwa uzio, ungewatosha wale vijana. Ni kazi ya koleo, roli ya kushindilia na watu wenye nia. Sijawahi kuona kazi yoyote ya barabara ninayoitaka kama hiyo.

Kwa hiyo chukua futi ya kupimia. Nipimie upana wa njia mahali patatu, penye tuta, penye mkato wa mlima na ndani ya handaki. Nipigie picha mitaro na vizuizi vinavyozuia magari kwenye makutano, kwa karibu, nione vimefungwaje, maana kwetu pikipiki zitajaribu kupita. Uliza mtu wa manispaa nani huitengeneza mvua ikiibomoa, na fedha hutoka wapi. Mdogo wako amesema atanisaidia kuchora.

Mama yako anakusalimu, anasema uvae kofia ngumu hata penye tambarare. Wape wenzako salamu zetu.

Baba yako