Vifuniko vya taa vya kioo vibuniwe hapa hapa Mwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wenye nyumba za wageni jijini Mwanza wanaonunua vifuniko vya taa vya mtindo wa kale wavikague kabla ya kulipa, kwa kuwa vingi ni plastiki iliyopakwa rangi. Katika vile vya asili, vya karakana ya msanii wa vioo Louis Comfort Tiffany huko New York, rangi imo ndani ya kioo chenyewe, na kila kipande, hata kiwe kidogo kama ukucha, kimezungushiwa utepe mwembamba wa shaba ndipo kikaunganishwa na mwenzake kwa kulehemu. Ndiyo maana mwanga wake hutoka laini, tofauti kabisa na ule mkali wa karabai za wavuvi wa dagaa.

Mmoja wa wabunifu wake wakuu, Clara Driscoll, alichora kereng'ende, mdudu ambaye sisi tunamwona kila siku kando ya ziwa. Je, mafundi wetu wa vioo, ambao vipande vyao vingi huishia jalalani, hawawezi kubuni kifuniko chenye kereng'ende, yungiyungi au Jiwe la Bismarck, ule mwamba wetu wa ziwani? Mimi ningekinunua kwa furaha.

Msomaji wako,
Mwanza