Ofisi ya RDD (Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa) haikufa: barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa

Ndugu Katibu Tawala,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani masijala mstaafu, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma. Jina la mkoa wako, mmojawapo wa hii Kanda ya Kati, sitaliandika hadharani. Kijana aliyenihudumia mara ya mwisho pale masijala kwako aliniamkia, akanipa kiti, akanitafutia kwa moyo wote, na sitaki aitwe kujieleza kwa ajili yangu. Ukisoma utajijua. Barua zangu za nyuma, za kuomba uthibitisho wa utumishi wangu wa zamani, zimepita njia zote za kiofisi. Zimegongwa muhuri wa kupokelewa, zimepewa namba, kisha kimya. Basi leo naandika mahali ambapo kila mtu anasoma.

Kilichonifikisha hapa ni karanga. Mwezi uliopita nilinunua karanga soko la Majengo, na muuzaji akanifungia kwenye karatasi iliyozeeka, ya rangi ya chai. Nilifanya kazi na karatasi za namna ile maisha yangu yote, nikaifungua pale pale. Ilikuwa na matundu mawili ya kamba ya jalada. Juu kulia kulikuwa na namba ya folio, yaani ya karatasi ndani ya jalada, kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa nakala ya kaboni ya barua ya uhamisho wa dereva, na kichwa chake kilisomeka: Ofisi ya Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa. Ni mkoa wako, Ndugu Katibu Tawala. Muuzaji aliniambia alinunua marobota ya karatasi kwa kilo, kwa mtu asiyemfahamu. Sikumlaumu, yeye anatafuta riziki. Lakini dereva yule ana jina, huenda ana mjane, na huenda mjane huyo yuko kwenye benchi la ofisi fulani akiambiwa alete ushahidi kwamba mumewe aliwahi kuajiriwa.

Nalijua benchi hilo. Niliajiriwa mwaka 1976 katika ofisi ya RDD wa mkoa huo, masijala ya wazi, yaani ya majalada yasiyo ya siri. Halmashauri ziliporudi 1984 nikahamishiwa halmashauri pamoja na wenzangu wengi, na huko nikafunguliwa jalada binafsi jipya. Nilistaafu 2014. Nikaambiwa utumishi wangu unahesabiwa kuanzia 1984, kwa kuwa jalada la nyuma halionekani. Miaka minane ya ujana wangu imefutika. Pensheni hukokotolewa kwa miezi ya utumishi, na kila mwezi napokea pungufu ya haki yangu. Mume wangu alifariki, dawa za presha ni za kila siku, wajukuu wapo shuleni. Shamba letu la zabibu kule Mpunguzi nililiuza ili maisha yaende. Nakala yangu ya barua ya ajira ililiwa na mchwa. Nilichonacho ni hati ya mshahara ya 1979, ikiwa na jina langu, cheo changu na jina la ofisi. Nikaambiwa haitoshi. Na mkubwa mmoja wa ofisini kwako, akiwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi, akanijibu: "Bibi, ofisi ya RDD ilishafutwa. Huko hakuna mtu wa kukujibu."

Jibu hilo ndilo ninalolikataa.

Naomba nikukumbushe historia ya kiti unachokalia, kwa kuwa naona ofisini kwako hakuna anayeisimulia. Wakati wa Mwingereza jimbo hili lote lilikuwa Jimbo la Kati, makao yake Dodoma, chini ya Kamishna wa Jimbo. Baada ya Uhuru, mwaka 1962 wakaja Wakuu wa Mikoa, watu wa siasa, na chini yao Katibu Tawala aliyeshika utumishi, fedha na majalada. Julai 1972 ikaja Madaraka Mikoani, baada ya Serikali kushauriwa na kampuni ya Marekani ya McKinsey. Halmashauri zikavunjwa, na mtendaji mkuu chini ya Mkuu wa Mkoa akawa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa, tuliyemwita RDD. Kila kitu kilipita kwake: mipango, mishahara ya watumishi wa mkoa, magari, mbegu za mtama za vijiji. Sisi makarani ndio tuliofungua majalada ya vijiji vilivyozaliwa na Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu vijijini. Leo wananchi wakigombania mpaka wa kijiji, ukweli wake umo kwenye majalada yale.

Sheria za Serikali za Mitaa zikatungwa 1982, halmashauri zikarejea 1984, lakini RDD alibaki. Aliondoka kwa jina tu, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya 1997. Sheria hiyo ndiyo iliyoleta Sekretarieti ya Mkoa, na Katibu Tawala wa Mkoa kuwa mkuu wake. Wewe ni Afisa Masuuli, yaani mwenye kuulizwa habari za fedha na watumishi. Jengo uliloingia ni lile lile. Kasha la chuma lililo nyuma ya mlango wa chumba cha mhasibu nalikumbuka, nililiona likishushwa kwenye lori. Viti, magari, viwanja na nyumba za RDD mlivipokea bila kusema ofisi imefutwa. Madeni yake mnayakataa kwa hoja gani?

Na hapa nasema jambo ambalo limeniuma muda mrefu. Ukiingia jengo la mkoa, ukutani kuna ubao wa majina ya Wakuu wa Mikoa tangu Uhuru, pamoja na picha zao. Ni vizuri, Mkuu wa Mkoa anatajwa hata na Katiba, Ibara ya 61. Lakini ubao wa wale walioshika nafasi ya pili haupo. Makatibu Tawala wa mwanzo, Ma-RDD, Ma-RAS (yaani ninyi Makatibu Tawala wa Mikoa wa sasa), hakuna anayeweza kuwataja kwa mpangilio. Mkoa hauna Naibu Mkuu wa Mkoa. Mkuu akisafiri, mara nyingi anayekaimu ni Mkuu wa Wilaya mojawapo. Kwa hiyo namba mbili wa kweli, anayejua mshahara wa nani umekwama na jalada la nani liko wapi, anaingia na kutoka bila watu kujua. Naamini kumbukumbu zetu zimepotea kwa sababu hiyo. Ofisi isiyokumbuka wakuu wake haiwezi kumkumbuka karani wake.

Zilipoteaje hasa? Nina mawazo yangu. Nadhani majalada mengine yalibaki stoo 1984 tulipohamishwa kwa haraka, watu walitangulia na majalada yakaambiwa yatafuata. Nadhani mwaka 1997 na baada yake, watumishi wa mkoa walipopunguzwa na wengi kupelekwa halmashauri, hapakuwa na makabidhiano ya maana ya masijala. Kwa wakati wetu ilikuwa mwiko jalada kutoka bila kuandikwa kwenye daftari la mwendo wa majalada. Na kwa karatasi niliyoishika Majengo, nadhani hivi karibuni kuna mtu alihitaji chumba, akaamuru stoo isafishwe. Kama nimekosea, nionyeshe jalada langu nami nitakuomba radhi hadharani.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya 2002, haimruhusu mtu kuteketeza au kuuza nyaraka za umma kwa kuamka tu asubuhi na kuamua. Kuna idara yenye mamlaka hayo, na kituo cha kumbukumbu za taifa kipo hapa hapa Dodoma. Mngekosa nafasi, majalada mngeyaleta huku. Hata mimi mzee ningekuja kuyapanga bila kulipwa, na wenzangu tulio hai wangekuja. Tunajua namna yalivyopangwa. Nakumbuka hata aina ya mwandiko wa kila karani.

Mwaka ule ulipokutana na wastaafu ukumbini, ulisimama ukasema mbele yetu: "Mzee yeyote asiteseke kwa kosa la ofisi. Leteni mlicho nacho, nitalibeba mwenyewe." Tulikupigia makofi. Mzee aliyekuwa amekaa kushoto kwangu, fundi wa karakana ya mkoa tangu enzi za RDD, alilia. Alikuletea alichokuwa nacho, kitambulisho chake cha kazi. Amezikwa mwaka jana akiwa bado anasubiri. Sitaki rambirambi yako isomwe msibani kwangu, Ndugu Katibu Tawala. Nataka unijibu nikiwa hai.

Nilikuwa na maombi mengi wakati naanza kuandika: mtafute majalada, msimamishe uuzaji wa karatasi, muweke ubao wa majina ya watangulizi wako, muite wastaafu wote wa enzi zile. Yote nayaomba bado. Lakini umri umekwenda, na nikilazimika kubaki na moja, ni hili: niandikie barua ya kuthibitisha utumishi wangu wa 1976 hadi 1984. Ni ukurasa mmoja. Hati ya mshahara ya 1979 unayo, iko kwenye barua zangu zote. Mashahidi wawili niliofanya nao kazi wako hai na wako tayari kuapa. Una mamlaka ya kuwasikiliza. Andika kwamba ofisi yako, ambayo wakati huo iliitwa Ofisi ya Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa, ilimwajiri mtumishi huyu kwa cheo cha karani masijala. Weka sahihi, gonga muhuri, nakala kwa mfuko wa pensheni.

Nikipigiwa simu nitakuja kuichukua mwenyewe. Nikishindwa kupanda basi, mjukuu wangu atakuja na kitambulisho changu. Tafadhali mwagize yule kijana wa masijala aiandike kwenye daftari kabla haijatoka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani masijala mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma.