Mwanangu anataka kitabu cha kusoma tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Likizo hii binti yangu wa kidato cha pili aliniomba nimnunulie kitabu. Nikamuuliza cha somo gani. "Cha kusoma tu, mama."

Tukaenda duka moja la vitabu mjini. Kijana wa kaunta alitupokea vizuri, akauliza, "Yuko kidato cha ngapi?" Nilipomjibu akatuwekea mezani kitabu cha kiada, mkusanyiko wa mitihani iliyopita, na uchambuzi wa riwaya ambayo binti atakutana nayo mwakani. Uchambuzi, riwaya yenyewe bado! Binti akamwambia anapenda hadithi za upelelezi, zenye mauaji ndani yake. Kijana akamtazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba ananiuliza huyu mtoto nimemleaje.

Simlaumu. Kwetu kitabu cha mtoto wa sekondari ni kitu cha mtihani. Kaka yake alisomeshwa Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, riwaya ambayo mimi niliisoma usiku kwa siri na machozi yakanitoka. Yeye ukimuuliza anakutajia dhamira kuu, dhamira ndogo ndogo na tamathali za semi bila kupumua. Ukimuuliza kama kisa kile kilimgusa, anacheka. Nina hakika kitabu hakukifungua, alikariri fani na maudhui kutoka kwenye kijitabu cha uchambuzi, na "B" yake akaipata.

Halafu tunakaa vikao tunalalamika kuwa vijana hawasomi. Huyu wangu anasoma simulizi kwenye simu yangu, kwenye kundi la WhatsApp: sehemu ya 1 hadi ya 14 bure, ukitaka ya 15 unatuma elfu moja. Nimezipitia. Nyingine zimeandikwa vizuri kweli, nyingine ni za kikubwa na nimezifuta. Lakini mtoto anayekesha mpaka saa saba za usiku akisubiri sehemu ya 15 hawezi kuitwa mvivu wa kusoma.

Tuliyemtafuta tukaja kumpata kando ya barabara, mzee aliyetandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai. Binti akamwamkia. Mzee akaitikia, wala hakuuliza kidato. "Mjukuu wangu, hadithi ya mwisho iliyokunyima usingizi ilihusu nini?" Akamsikiliza mpaka mwisho, akainama, akaanza kuchimbua chini ya rundo la majarida, akatoka na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, riwaya ya mwaka 1960. Jalada limeshikizwa kwa selotepu, na ndani kuna jina la mtu limekatwa kwa kalamu nyekundu. Alitaka elfu tatu, tukaelewana elfu mbili.

Kwa siku mbili nyumba ilitulia. Binti alikula huku kitabu kimelazwa kando ya sahani. Maneno ya Kiunguja yaliyompiga chenga alimpigia simu bibi yake kuuliza, na bibi naye akanogewa, akawa anapiga mwenyewe kuulizia Bwana Msa, yule mpelelezi wa kitabuni mwenye kiko, amefikia wapi. Mimi nilikuwa nikirudi kazini natazamwa viatu, kisha naambiwa nimepitia njia ipi, mkono mmoja umeshika kalamu mdomoni kama kiko.

Usiku wa tatu akaja chumbani kwangu analia kwa hasira. Kurasa za mwisho zimechanika! Hadithi ya upelelezi, na muuaji kaondoka na karatasi. Tumezunguka maduka matatu tangu hapo, na katika yote matatu tumeulizwa yuko kidato cha ngapi.

Kwa hiyo nina ombi, Mhariri, na nakuelekezea wewe hasa. Zamani magazeti yetu yalikuwa na hadithi za kuendelea. Nyumbani tuligombania ukurasa ule kabla baba hajaliona gazeti, na lile neno "itaendelea" tulilichukia kwa mapenzi. Kama hadithi ni gharama, basi tupatie hata robo ukurasa siku ya Jumamosi, vijana waambiane wenyewe kitabu gani kimewanyima usingizi na wamekipata wapi. Maneno mia moja yanatosha, na fani na maudhui viachwe darasani. Mtoto wa miaka kumi na tano akiambiwa na mwenzake "hiki usikianze usiku" atakitafuta, mimi nikimwambia atanijibu "sawa mama" na kuendelea na simu. Wauza vitabu nao wataona ni nini kinaulizwa.

Na kama yupo msomaji mwenye nakala nzima ya kitabu hicho, hatumwombi atuazime. Tutakuja, tutakaa barazani kwake, tutasoma kurasa nane za mwisho na kuondoka. Bibi yake anasubiri kwenye simu.

Mama wa kidato cha pili,
Tabata, Dar es Salaam