Usicheke Kabla ya Msomaji: Barua kwa Mpwa Wangu

Mpwa wangu,

Assalaamu alaykum. Hadithi yako ya kumkejeli sheha, yule kiongozi wa shehia, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa barazani na kahawa yangu, na sikucheka. Usinune. Mstari wa kwanza umeshamwita mlafi, wa tatu mjinga, na jina umempa Bwana Tumbokubwa. Sasa msomaji umembakishia nini? Umemtafunia, na kumeza umemmezea.

Nikwambie kitu nilichokiona kwa macho yangu hapa Wete, Pemba. Tuliitwa kwenye uzinduzi wa mfereji, bomba la maji la mtaa. Turubai, viti vya plastiki, utepe, kila kitu. Mgeni rasmi akakata utepe, akafungua mfereji. Ukatoka upepo: fyuuu. Mshereheshaji, wala hakupepesa jicho, akasema kwenye kipaza sauti, "Huo ni upepo tu, maji yako njiani." Tukapiga makofi. Wallahi tulipiga! Mzee mmoja ubavuni kwangu akasema taratibu, "Alhamdulillahi, hata upepo nao umetufikia."

Hebu tazama, nani hapo kafanya mzaha? Hakuna. Mgeni ana heshima zake, mshereheshaji anafanya kazi yake, sisi tuna adabu zetu. Nyuso kavu zote. Kinaya kimekaa pale katikati, baina ya hotuba na bomba, na mwandishi akijitia kukifafanua kinamfia mkononi.

Ndiyo maana sufuria ya Abunuwasi haichakai. Karudisha sufuria ya jirani na kisufuria juu, kasema imezaa. Jirani kapokea, kashukuru. Safari ya pili kaiazima tena, kasema imekufa. Chuku ni moja tu, ya kuzaa. Baada ya hapo mambo yanakwenda kwa hesabu, na jirani ananaswa na tamaa yake bila ya mtu kumwita mroho. Wewe katika kurasa nne una chuku kumi na moja, nimezihesabu. Zifute. Ibakishe ile ya sheha kumdai kuku barua ya utambulisho, hiyo tamu, tena ifuate mpaka mwisho wake: kuku huyo mkaazi wa shehia gani, kahamia lini, mashahidi wake wawili ni nani?

Bibi zako hili walilijua zamani. Kanga ya kijembe haitaji jina. Mtu huivaa, akapita mlangoni kwa mwenziwe, basi. Atakayelalamika kajitaja mwenyewe. Kwa hiyo kile kipara na ile vespa nyekundu ulivyompa sheha wako, vitoe. Mtaa mzima tunajua vya nani, na hapo utakuwa umeandika umbea.

Ule mfereji bado upo. Ukija likizo nitakuonesha. Siku hizi jirani humfungia mbuzi wake hapo.

Mjomba wako