Shangazi, panda mizani kwanza

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naiandika barua hii waziwazi kwa sababu si wewe peke yako hapa Nairobi unayemeza dawa ya ini kwa kukisia.

Ulisema mwili ukikuwasha usiku kucha unahisi ini linaisha. Mwasho na uchovu wa ugonjwa wako, kolanjaitisi ya msingi ya mirija ya nyongo (PBC), ambapo kinga ya mwili hushambulia mirija midogo ya nyongo ndani ya ini, vinatesa kweli, na mwasho una dawa zake, lakini havipimi kasi ya ugonjwa. Hata kile kipimo cha damu cha AMA, kingamwili zinazotambulisha ugonjwa huu, kikishauthibitisha, kupanda kwake hakukuonyeshi makovu ya ini yamefika wapi. Usikilipie tena.

Angalia vipimo viwili vya damu, alkali fosfatesi (kimeng'enya kinachopanda mirija ya nyongo ikiumia) na bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huitoa kupitia nyongo), baada ya mwaka mmoja wa dawa ya kipimo kilichotimia. Kilichotimia, Shangazi! Ursodeoksikoliki, hiyo dawa yako ya ini, huhesabiwa kwa uzito: miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo, kila siku. Kwa kilo zako 72 ni kati ya 936 na 1,080, yaani vidonge vinne vya 250. Vile viwili unavyonunua kwa kemisti hapo Kayole ni 500 tu. Ukiendelea hivyo mwaka mzima majibu yatatoka mabaya, na kila mtu ataamini dawa imeshindwa, kumbe haikufika. Pesa zikipungua, mwambie daktari, usipunguze kimyakimya. Na ile poda ya kolestairamini ya mwasho huinasa dawa hii tumboni, kwa hiyo ziachanishe kwa saa nne.

Mwaka ukiisha, shika karatasi ya maabara. Kikomo cha juu cha alkali fosfatesi kikiwa 120, basi zaidi ya 180, yaani mara moja na nusu, ni dalili kwamba daktari wa ini afikirie dawa ya pili. Bilirubini ikivuka kikomo usingoje miadi, kwa kuwa mara nyingi hupanda ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali.

Wewe uligunduliwa ukiwa na miaka 43, na waliogunduliwa kabla ya 45 mara nyingi dawa huwakubali kidogo. Wanaume nao, wakiupata ugonjwa huu, wamo hatarini zaidi, wengi wakigunduliwa wamechelewa. Kingamwili nyingine za damu, ziitwazo gp210, na ugumu wa ini unaozidi kilopaskali 9.6 kwenye kipimo cha mashine, pia huashiria mwendo mbaya. Umri huwezi kuubadilisha, lakini sigara unaweza kuiacha leo, maana huambatana na makovu mengi zaidi.

Kesho pita kliniki upande mizani, kisha nitumie kilo zako na picha ya pakiti ya dawa, upande ulioandikwa miligramu.