Nisea hawakupiga kura ya kumfanya Yesu Mungu

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti hili kwa miaka mingi bila kuwaandikia, lakini makala yenu ya Jumapili kuhusu mitaguso ya kale, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, imenishinda kunyamazia. Mliandika kwamba Kaisari Konstantino aliwakusanya maaskofu Nisea, mji ulioko Uturuki ya leo, mwaka 325 wakapiga kura ya kumfanya Yesu kuwa Mungu, na papo hapo wakateua vitabu vya Biblia. Huo ni upotoshaji.

Mimi ni katekista. Kijana wa darasa la kipaimara alikuja na ukurasa huo ameukunja mfukoni, akawasomea wenzake kwa sauti, kisha akaniuliza kwa nini tunawafundisha imani iliyotungwa na mfalme. Ilinibidi niweke kando somo la siku hiyo na kuwaeleza kwamba ugomvi uliosababisha mtaguso huo ulianzia Aleksandria, Misri, kwa padre Ario aliyefundisha kuwa Mwana ni kiumbe. Kwamba Wakristo walimwabudu Kristo muda mrefu kabla Konstantino hajazaliwa. Na kwamba kati ya kanuni 20, yaani sheria za Kanisa, zilizotolewa Nisea hakuna hata moja inayotaja orodha ya vitabu vya Biblia. Kama Kaisari ndiye aliyeamua yote, mbona huyo huyo alimpeleka uhamishoni Atanasi, mtetezi mkuu wa Nisea, na alipokaribia kufa akabatizwa na Askofu Eusebio wa Nikomedia, aliyekuwa upande wa Ario? Mwanawe Konstansio naye aliwaandama watetezi wa mtaguso huo, na imani ya Nisea ilithibitishwa tena katika Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381 baada ya miongo ya mateso.

Lakini lawama si za gazeti peke yake. Ziko parokia ambako Kanuni ya Imani, ile “Nasadiki” iliyotokana na mitaguso hiyo miwili, husemwa mbiombio ili matangazo ya michango yapate nafasi, na katika jumuiya tunasali kila jioni “Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu” bila mtu kuwaambia watoto kwamba jina hilo lilitetewa katika Mtaguso wa Efeso mwaka 431. Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, na Wakristo wa Ethiopia hawakuupokea Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451, uliofundisha kwamba Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Mungu na ya mtu, na utengano huo upo hadi leo. Nani atasema hayo ni mambo yaliyopitwa na wakati?

Naomba Jumapili ijayo mchapishe Kanuni ya Imani nzima, ukurasa ule ule, maneno yaliyotoka Nisea yakiwa kwa herufi nzito na yale ya Konstantinopoli kwa herufi za kawaida, ili kijana wangu aukunje na huo mfukoni.

Katekista,
Moshi