Moto "umedhibitiwa" si moto uliozimwa

Mhariri,

Naomba nafasi nilalamikie neno moja tu la gazeti lako: "umedhibitiwa."

Naishi ukingoni mwa msitu, upande wa juu wa bonde. Kiangazi hiki majani yamekauka hadi ukiyashika yanakuwa unga, na kila alasiri upepo unavuma. Wiki iliyopita mliandika kwa herufi kubwa kwamba moto umedhibitiwa. Jirani yangu, mzee wa watu, alisoma, akashusha mizigo yake kutoka garini, akalala usingizi wa pono. Mimi nilikesha. Si ushujaa, mwanangu ana pumu na moshi ulikuwa haujaisha.

Saa nane usiku upepo uligeuka. Nikiwa dirishani niliona kisiki kilichokuwa cheusi kwa siku mbili kikianza kung'aa kama kaa linalopulizwa. Cheche zikaruka juu kabisa ya mkuza, ule ukanda walioufyeka wazima moto ili moto usivuke. Moja ikatua kwenye mfereji wa paa la mzee, uliojaa majani makavu. Tulimwamsha kwa kugonga mlango kwa mateke. Ngazi na mpira wa maji vilitosha, safari hiyo.

Wazima moto siwalaumu. Kwao kudhibiti ni kuuzingira moto usisambae. Ndani ya mzingo huo mizizi na visiki huendelea kufukuta chini ya majivu kwa siku, pengine wiki, vikingoja upepo tu. Kule Oakland, Marekani, moto wa nyasi wa Jumamosi, Oktoba 19, 1991, ulidhaniwa umekwisha. Jumapili upepo mkali ukaufufua, watu 25 wakafa.

Sisi wasomaji tunaelewa "umedhibitiwa" kuwa "umezimwa," na ninyi mnajua hivyo. Basi andikeni mzingo umekamilika kwa kiasi gani, wapi bado panafuka, na upepo unatarajiwa kugeukia wapi, saa ngapi. Habari za upepo wa usiku ule mlikuwa nazo: mistari miwili, ukurasa wa ndani, chini ya fumbo la maneno. Nilizigundua kesho yake nikijaza fumbo.

Mizigo ya mzee imerudi garini. Mfereji tumeusafisha pamoja, tukatoa magunia mawili ya majani. Ananiuliza kila asubuhi gazeti linasemaje, nami namjibu atazame kwanza bendera ya kitambaa tuliyoifunga kwenye mti.

Msomaji wenu,
Ukingoni mwa msitu